Ukuni Mmoja Hauwaki

1. Moto wa jikoni

Jioni, mama akipika, watoto hukaa karibu na mafiga. Kuni tatu au nne zinakutana katikati, zinashirikiana joto lao, moto unawaka vizuri na chungu kinachemka. Lakini mtoto mmoja akivuta kijinga kimoja na kukiweka mbali, itakuwaje? Kwanza kitaendelea kuwaka kidogo. Kisha kitatoa moshi. Mwisho kitazimika. Ukuni haukubadilika, ni ule ule. Umekosa wenzake tu. Na mtu akiurudisha motoni kabla haujapoa, utawaka tena.

Imani ya mkristu inafanana na ukuni huo. Mungu ndiye anayeiwasha, lakini anapenda kuitunza kwa mikono ya wenzetu. Yezu alijua jambo hilo. Alipowatuma wafuasi wake kuhubiri, aliwatuma wawili wawili. Usiku ule kabla ya mateso yake, aliwaombea wawe kitu kimoja. Na Petro je? Alipokuwa mezani pamoja na wenzake, aliahidi kwamba hatamwacha Bwana wake kamwe. Saa chache baadaye alikuwa uani kwa kuhani mkuu, akiota moto katikati ya watu wasiompenda Yezu. Hapo akamkana mara tatu.

Somo hili linaeleza habari za wakristu wa Uganda, nchi jirani ya Kongo, waliodumu katika imani mpaka kufa. Wengi wao walikuwa vijana, na mmoja alikuwa mtoto wa miaka karibu 14. Waliogopa maumivu kama watu wote. Tuangalie basi jinsi walivyoweza kudumu.

2. Miaka bila mapadri

Buganda ni ufalme ulio kando ya ziwa kubwa la Nyanza, na mfalme wake huitwa Kabaka. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza walifika huko mwezi wa pili wa mwaka 1879. Walikuwa Mapadri Weupe: Padri Lourdel na Bruda Amans. Watu walimwita Padri Lourdel «Mapera», kwa sababu walisikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa «mon père», maana yake «baba yangu». Kabaka Mutesa aliwapokea, na baada ya mwaka mmoja watu wa kwanza wakabatizwa.

Lakini mwezi wa kumi na moja 1882, mapadri waliona hatari kubwa. Wakaondoka, wakavuka ziwa, wakaenda kukaa Bukumbi, upande wa kusini, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Nyuma yao walibaki wakristu wachache, waliobatizwa juzi juzi. Hakuna Misa tena. Hakuna padri wa kuwaungamisha, wala wa kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Nani asingedhani kwamba kondoo hao wasio na mchungaji watatawanyika?

Hawakutawanyika. Ndani ya nyumba ya mfalme alikuwamo Yozefu Mukasa, msimamizi wa vijana watumishi. Huyo aliwakusanya vijana kwa siri, akasali nao, akawaonya wenye makosa na kuwatuliza wenye woga. Andrea Kagwa, mkubwa wa wapiga ngoma wa mfalme, alifundisha watu nyumbani kwake. Mbali na mji mkuu, huko Mityana, Matiya Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawagali, mfinyanzi wa vyungu, waliwashika wakristu pamoja. Mwenye kujua sala alimfundisha asiyejua. Mwenye kukumbuka fundisho la padri alilieleza tena kwa wengine.

Mapadri waliporudi mwezi wa saba 1885, karibu miaka mitatu ilikuwa imepita. Je, walikuta majivu tu? Hapana. Walikuta wakristu wamedumu, na pamoja nao wakatekumeni wengi wanaongoja ubatizo. Moto haukuzimika, kwa kuwa kuni zilikaa pamoja.

3. Kabaka Mwanga

Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Alikuwa kijana bado. Mwanzoni aliwapenda mapadri. Baadaye akaogopa kwamba wageni kutoka Ulaya watamnyang'anya nchi yake. Tena alikasirika kwa sababu vijana wakristu wa nyumba yake walikataa kumfuata katika mambo machafu, ambayo Mungu ameyakataza katika amri yake ya sita.

Mwezi wa kumi 1885, Mwanga aliamuru Askofu Hannington wa Anglikana auawe njiani kabla hajafika Buganda. Yozefu Mukasa alikuwa Mkatoliki, na askofu yule hakuwa wa dini yake. Hata hivyo Yozefu hakunyamaza. Alimwonya mfalme kwamba si haki kumwua mgeni asiye na kosa. Kwa ajili ya neno hilo, na kwa ajili ya kuwakinga vijana wake, akahukumiwa kufa. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 1885 alikatwa kichwa. Kabla ya kufa alimpa mwuaji ujumbe kwa Mwanga: amemsamehe, lakini mfalme atubu.

Mwanga alitumaini kwamba wengine sasa wataogopa. Lakini siku ile ile kijana mmoja jina lake Karoli Lwanga alikwenda misioni pamoja na wenzake, wakaomba ubatizo, wakabatizwa. Waliona kwa macho yao mambo yanayoweza kumpata mkristu, na hawakurudi nyuma. Ukuni mmoja uliondolewa, na mwingine ukasogezwa mahali pake. Tangu siku ile Karoli ndiye aliyewaongoza vijana wa mfalme.

4. Usiku wa Munyonyo

Mwezi wa tano 1886, mfalme alikuwa akikaa Munyonyo, kando ya ziwa. Siku moja alirudi kutoka kuwinda na hasira. Akawatafuta watumishi wake, hakuwaona. Akaja kujua kwamba kijana mmoja, Dionisi Sebugwawo, alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa waziri mkubwa. Mfalme akamchoma Dionisi kwa mkuki, akamtoa auawe.

Usiku ule milango ya boma ilifungwa. Karoli Lwanga akawakusanya vijana, wakasali pamoja. Baadhi yao walikuwa wakatekumeni bado, na padri hakuweza kuwafikia. Ndipo Karoli akawabatiza mwenyewe, kama Eklezya inavyoruhusu mkristu yeyote kubatiza katika hatari ya kufa. Aliwabatiza Mugaga, Gyavira, Mbaga Tuzinde na Kizito.

Kizito ndiye mdogo kuliko wote. Mara nyingi alikuwa amewasumbua mapadri kwa kuomba ubatizo, na kila mara aliambiwa angoje kidogo. Sasa ubatizo umekuja, na kifo kiko mlangoni. Mtoto wa miaka karibu 14 afanye nini? Karoli alimwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono, wafe pamoja. Hakumdanganya kwamba hakutakuwa na maumivu. Alimwahidi tu kwamba hatakuwa peke yake.

Asubuhi mfalme akawaita wote mbele yake. Akaamuru wasiosali wabaki kwake, na wanaosali wasimame upande wa pili, kando ya ua wa matete. Njia ile ilikuwa ya hatua chache tu, lakini kila mtu alijua mwisho wake. Karoli Lwanga akatangulia. Pamoja naye akaenda Kizito, mkono wake katika mkono wa Karoli. Wengine wakafuata. Mfalme akawauliza kama wanataka kuendelea kusali. Wakajibu kwamba wanataka, mpaka kufa. Akawahukumu kuchomwa moto huko Namugongo.

5. Njia ya Namugongo

Padri Lourdel alikuja mbio kumwomba mfalme huruma, lakini hakupewa nafasi. Alisimama akawaona watoto wake wakipita, wamefungwa kamba. Yakobo Buzabaliawo, aliyekuwa askari, aliinua mikono yake iliyofungwa akaonyesha juu mbinguni. Padri ndiye aliyekuja kuwatia moyo, na sasa mfungwa anamtia moyo padri. Ndivyo wakristu wanavyosaidiana: leo unanishika wewe, kesho nitakushika mimi.

Katika kundi lile alikuwamo kijana jina lake Mukasa Kiriwawanvu, aliyekuwa katekumeni. Siku zile alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi na Gyavira. Alipotolewa na kuulizwa dini yake, alijibu kwamba ni mkristu, akatiwa pamoja na wengine. Hivyo Mukasa na Gyavira, waliogombana, walitembea njia moja na kufa mahali pamoja. Mukasa hakuwahi kupata ubatizo wa maji. Alipata ubatizo wa damu. Tukumbuke jambo hili: watakatifu nao waligombana, lakini hawakuacha ugomvi uwatenge na wenzao wala na Yezu.

Wengine waliuawa mahali pengine. Andrea Kagwa aliuawa Munyonyo. Matiya Mulumba alikatwa mikono na miguu njiani, akaachwa kufa polepole. Noa Mawagali aliuawa Mityana. Dada yake Noa, jina lake Munaku, hakukimbia. Alikwenda mbele ya wauaji, akasema kwamba yeye naye ni mkristu, wamwue pamoja na ndugu yake. Hawakumwua, walimfanya mtumwa. Baadaye mapadri walimkomboa, naye akaishi maisha yake yote kwa ajili ya Mungu. Kudumu kwake hakukuwa kwa siku moja, kulikuwa kwa miaka mingi.

6. Alhamisi ya Kupaa Bwana

Huko Namugongo wafungwa walingoja karibu juma zima, wamefungwa miguu na mikono. Kila siku walisali pamoja, asubuhi na jioni, kabla ya chakula na baada ya chakula. Kati yao walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Nje wauaji walikusanya kuni.

Mkubwa wa wauaji aliitwa Mukajanga. Kati ya wafungwa alikuwamo kijana wa jamaa yake mwenyewe, Mbaga Tuzinde. Mukajanga alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena. Neno moja lingemrudisha nyumbani, kwa chakula cha mama na kitanda chake. Wazazi walilia na kumwomba. Hii ilikuwa vita kali kuliko kamba na mikuki, kwa maana waliomvuta ni watu aliowapenda. Mbaga alikataa kuwaacha wenzake na kumwacha Yezu. Mukajanga akaamuru apigwe kwanza shingoni afe, asije akasikia moto.

Tarehe 3 mwezi wa sita 1886 ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa wa kwanza, polepole, kuanzia miguu. Hakulia kuomba huruma. Alisali, na mwishoni akamwita Mungu, akafa. Wengine walifungwa ndani ya mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni nyingi. Moto ulipowashwa, watu hawakusikia matusi wala makelele. Walisikia Baba Yetu. Siku ile Wakatoliki 13 walikufa Namugongo, na Waanglikana walichomwa katika moto ule ule.

Vijana watatu, Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe, waliachwa wakati wa mwisho, hawakuchomwa. Hao ndio walioeleza baadaye mambo waliyoyaona. Katika mateso ya Buganda, wafiadini Wakatoliki wanaojulikana ni 22, na Waanglikana ni 23. Mkatoliki wa mwisho, Yoane Maria Muzeyi, aliuawa mwezi wa kwanza 1887.

7. Matunda

Mwanga alitaka kuzima moto, akautawanya. Watu wengi wakaja kutafuta mafundisho. Mwaka 1913 Waganda wawili, Basilio Lumu na Vikitori Mukasa, walipata upadri. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza wafiadini 22 kuwa wenye heri. Tarehe 18 mwezi wa kumi 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu, na siku ile hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristu. Mwaka 1969 alifika mwenyewe Uganda kama mhujaji. Kila mwaka, tarehe 3 mwezi wa sita, watu wengi sana hukusanyika Namugongo, na kati yao hutoka pia Wakongo.

Kongo nayo ilipewa shahidi wake upesi. Hazikupita hata juma saba tangu sikukuu ile ya Roma. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964, mjini Isiro, Sista Anuarite wa nchi ya Wamba aliuawa na mkubwa mmoja wa askari waasi, kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Alikuwa wa shirika la masista wa Jamaa Takatifu. Pamoja naye walikuwapo masista wenzake, waliotolewa wote Bafwabaka. Alimsamehe aliyemwua. Mwaka 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri.

8. Na sisi?

Pengine hakuna mtu atakayewasha moto kwa ajili yako. Lakini kijinga chaweza kuzimika polepole, bila adui. Mtoto mmoja anaacha kwenda katekisimu kwa sababu ya mvua. Juma linalofuata anaona haya kurudi. Mwingine amegombana na mwenzake, hataki kukaa naye kiti kimoja kanisani. Mwingine anakaa kijiji cha mbali, padri hupita mara chache katika mwaka, naye anasema: Hakuna Misa, basi hakuna sala.

Mtoto mwema, ukumbuke mambo matatu.

La kwanza: padri asipokuwapo, msali pamoja. Baba, mama na watoto waweza kusali Rozari. Mkatekisti aweza kuwakusanya watu siku ya Mungu. Wakristu wa Buganda walidumu hivyo karibu miaka mitatu.

La pili: mpatane upesi. Mukasa na Gyavira hawakungoja mpaka kila mmoja ashinde maneno yake.

La tatu: mwenzako akirudi nyuma, usimcheke, wala usiseme kwamba imani yake ilikuwa ya uongo. Nenda kwake. Ukuni uliotoka motoni haurudi wenyewe, lazima mkono uushike. Kizito alikwenda mbele kwa sababu kulikuwa na mkono uliomshika. Katika darasa lako, katika kijiji chako, kuna mtoto anayehitaji mkono wako leo. Labda kesho wewe utahitaji wake.

Maneno ya kufahamu

Kijinga: ukuni unaowaka upande mmoja.
Katekumeni: mtu anayejifunza dini kabla ya kubatizwa.
Mfiadini: mtu aliyekubali kuuawa kuliko kuacha dini.
Kudumu: kuendelea bila kuacha.
Nadhiri: ahadi mtu anayompa Mungu.

Maulizo

1. Kwa nini kijinga kinazimika kikiwekwa peke yake?
2. Mapadri walikaa mbali na Buganda miaka mingapi? Nani waliwashika wakristu pamoja wakati ule?
3. Yozefu Mukasa alimwonya mfalme kwa sababu gani? Alimpelekea maneno gani kabla ya kufa?
4. Karoli Lwanga alimwahidi Kizito nini?
5. Ni nini kilichokuwa kigumu kwa Mbaga Tuzinde kuliko kamba na mikuki?
6. Munaku alidumu namna gani?
7. Fikiri juu ya mwenzako mmoja ambaye haji tena katekisimu. Juma hili utafanya nini ili arudi?